Kifukuza-Homa

Al Wukair, Doha
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Mama,

Mjukuu wako sasa hivi ameketi sakafuni, ulimi ameutoa nje wote, anaupangusa kwa mikono miwili kama mtu anayefua soksi. Nilimpa mgongo kidogo tu nageuza chapati. Kumbe amefungua ile pakiti uliyotuma na Herbert, ameingiza mkono, amechagua ua moja, akalitia mdomoni. Alipotafuna mara moja aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemchapa. Akatema kwenye zulia, akalia, ndipo akaanza hiyo kazi ya ulimi.

Nimemsafisha kinywa. Nimemnyonyesha. Sasa ananung'unika tu na kijiko chake. Ambaye hajatulia ni mimi.

Mama, nakuheshimu. Ulinizalia mume. Lakini leo acha niulize kwa kalamu kile ambacho mbele yako nisingefungua mdomo kukiuliza. Kwa nini unamtumia mtoto pareto?

Usiniambie si pareto. Mimi nimezaliwa Olenguruone. Kabla sijajua kusoma nilijua kuchuma pareto, mimi na dada yangu Cherotich, kikapu mgongoni, jioni mikono inawasha mpaka tunaisugua kwa majivu. Maua meupe, katikati manjano. Nyanya yetu alikuwa anayasaga anawanyunyizia ndama wakiwa na viroboto, na viroboto walikuwa wanaanguka chini kama mchele. Hiyo ndiyo kazi ya pareto ninayoijua mimi, kuua. Na wewe umeandika kwa mkono wako juu ya pakiti, herufi kubwa: FEVERFEW. SHIRU. KIJIKO KIDOGO ASUBUHI NA JIONI.

Feverfew ndiyo nini? Nimemuuliza Phyllis, yule Mganda wa chumba cha pili, anafanya kazi hoteli kule The Pearl na Kiingereza anaongea kutwa nzima na wageni. Hajui. Anasema labda ni sabuni. Mimi niliachia shule Form Two, lakini hata mimi najua kwamba ukimpa mtu kitu usichotaka akijue unakiandika kwa Kiingereza.

Na Herbert maskini walimfungulia mzigo alipotua uwanja wa ndege. Mmoja akanusa, akamwita mwenzake, naye akanusa. Herbert ni mlinzi tu, ana watoto wake huko nyumbani. Alisema "dawa ya mtoto" wakamwacha aende. Anasema hatabeba tena hata kitunguu.

Najua mwanao Mwaura alikuambia Shiru alikuwa na joto mwezi uliopita. Yalikuwa magego. Yametoka, mazuri, ameshaniuma nayo bega. Hakuna homa ya kufukuzwa hapa.

Kuna watu kwetu waliniambia nikiolewa huko kwenu nitalishwa vitu. Niliwacheka. Usinifanye niwapigie simu.

Simu na masikio yako havipatani, najua, ndiyo maana nimeandika. Chelsea, huyo mjukuu wako mkubwa, akukuzie maandishi kwenye kioo cha simu, na ukimaliza kujibu apige picha kama kawaida. Aitume leo kama anaweza. Nangoja.

Mke wa mwanao,
Chebet


Limuru
12 Februari 2025

Mke wa Mwaura,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Chelsea aliniomba niketi nikakataa.

Nimeitwa mengi katika maisha yangu. Mkali, nimeitwa. Mchoyo wa sukari, nimeitwa na mke wa shemeji yangu mbele ya wageni. Lakini mwuaji wa mtoto anayebeba jina langu mwenyewe, Wanjiru mnayemkata Shiru, hilo limetoka Doha.

Sasa tulia usikie. Feverfew si sabuni. Ni mmea wa Sista Hannah, Mwingereza aliyekuwa mkunga wa misheni nilipokuwa msichana wa kufua nepi pale. Mbegu alikuja nazo kutoka kwa mama yake, zimefungwa kwenye leso, akazipanda kando ya mlango wa jikoni. Nilimuuliza hilo jina, kwa sababu halikuwa kwenye kitabu chetu cha Kiingereza. Akaniambia ni jina la kale, la wazee wao wa vijijini, kabla ya madaktari, na kwamba hata kwao mjini watu wameliacha, wanakwenda dukani kuomba vidonge. Maana yake ni kitu kinachofukuza homa. Wazee wao walikuwa na akili kama wazee wetu, mmea wanauita kwa kazi yake. Huwezi kumwita mtu Mchungaji na hana hata kondoo mmoja.

Sista alipoondoka nilichimba kipande nikaja nacho. Mpaka leo kiko hapa kwangu chini ya tangi la maji. Mwaura ameinywa hiyo chai. Dada yake ameinywa. Wote wana meno na wote wana akili, ingawa ya Mwaura nilianza kuitilia shaka siku alipokuja kunieleza habari za Olenguruone.

Wewe mchumaji wa pareto, ulitazama ua tu. Tazama kikonyo. Ponda jani unuse. Kama hiyo ni pareto basi mimi naitwa Chebet.

Na hao watu wenu waliokuonya kuhusu chakula chetu, waambie na ukweli wote: mara ya kwanza ulipokuja hapa ulikula mukimo sahani tatu, na hakuna aliyekushika shingo.

Lakini mimi na wewe tusichoshane. Pasaka ikipita Shiru atakuwa hapa, na nitampa chai yake kwa mkono wangu mwenyewe. Chumba kimeshapakwa rangi, kile cha upande wa jua. Mwaura alisema atamleta yeye. Natumaini amekuambia, kwa sababu barua yako imekaa kama ya mtu ambaye hajaambiwa.

Mama wa mume wako,
Wanjiru


Karatasi juu ya friji
Alhamisi, 13 Februari

Baba Shiru,

Ugali uko kwenye sufuria. Mtoto amelala, usimwamshe kwa kumbusu busu.

Mimi sikuongeleshi kwa hivyo soma. Pasaka kuna nini? Chumba gani kimepakwa rangi? Nimeambiwa na mama yako, aliye Limuru, habari za mtoto anayelala futi mbili kutoka kwenye mto wangu. Andika hapa nyuma. Usinipigie simu ukiwa kazini uanze "sweetie".

C.

(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Chebet,

Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kukuambia. Chumba ni kimoja. Shiru anajifunza kukimbia kati ya kitanda na friji. Joto likianza hapa hutamtoa nje mchana mpaka Oktoba, na mwaka jana uliona vile alivyotoka vipele. Kule kuna nyasi, kuna hewa, kuna nyanya yake, shosho aliyelea wanne. Na wewe ungeweza kuchukua ile kazi ya hoteli Phyllis aliyokuambia. Ni miaka miwili tu. Hata Herbert watoto wake wako na nyanya yao.

Mama hana kosa, mimi ndiye niliyemwomba. Tafadhali tuongee kwa mdomo. Nachekwa na friji.

M.

(Chini yake, kwa kalamu nyekundu)

Miaka miwili TU. Akirudi ataniita shangazi. Jibu ni hapana.


Al Wukair
Alhamisi, 27 Februari 2025

Mama,

Sikujibu barua yako kwa sababu nilikuwa nimeshika mtoto. Leo ndiyo mara ya kwanza ameshuka mikononi mwangu akaketi chini mwenyewe, kwa hivyo soma hii ujue imeandikwa na mtu ambaye hajalala.

Nianze na langu, nisije nikaambiwa naficha. Niliangalia kikonyo. Pareto inasimama peke yake, ua moja juu ya mguu mrefu. Haya yako yako mengi pamoja, madogo, yamegawana kikonyo kama ndugu. Na jani ni pana, lina uchungu wa aina nyingine. Si pareto. Nilikosea, na nilikosea kwa ukali, na kama ingekuwa hilo tu ningekuandikia ukurasa mzima wa pole.

Si hilo tu.

Ijumaa iliyopita Mwaura alikuwa na siku yake ya kupumzika. Mimi nilienda na Phyllis kule The Pearl kuona hiyo kazi ya hoteli. Ndiyo, nilienda. Nilitaka kuiona kwa macho yangu kabla ya kuikataa. Mtoto nilimwacha na baba yake, ana joto kidogo, anashikashika sikio. Nikamwambia likipanda tu nipigie simu, na umpeleke hospitali usiningoje. Akasema sawa.

Joto likapanda. Hakunipigia. Hakwenda hospitali. Unajua alifanya nini? Alichemsha maji. Akatoa ile pakiti juu ya kabati nilikoificha, akasoma mwandiko wako, akampa mtoto chai. Akangoja. Joto likapanda. Akampa tena. Niliporudi jioni nilimkuta ameketi kitandani, Shiru amemlalia kama kitambaa kilicholowa, macho nusu, midomo mikavu, na Mwaura ananiambia, "Imeanza kufanya kazi, ametulia." Ametulia! Mtoto alikuwa hana nguvu za kulia.

Nilipiga kelele nyumba nzima ikatoka. Phyllis bado alikuwa na sare ya kazi, akambeba yeye, mimi viatu sikuvaa.

Lilikuwa sikio. Usaha ndani. Daktari alisema tungekuja asubuhi angeandikiwa dawa turudi nyumbani, lakini kwa vile tulivyochelewa walimlaza, wakamtia sindano ya mshipa kwenye mkono mdogo ule, mara tatu ndipo ikaingia. Nilimshika mimi. Mwaura alitoka nje. Na ndani ya mashavu alikuwa na vidonda. Daktari akauliza amekunywa nini. Mwaura akataja lile jina kwa sauti ya mtu anayekiri mahakamani. Daktari hakulijua. Akamwita mfamasia, Msudani mzee, naye alilijua. Akasema amelikuta kwenye vitabu vya zamani tu, kwamba zamani watu wazima walikuwa wanakunywa kwa homa, siku hizi wengine wanatumia kwa kichwa kinachouma, na majani yake yanachubua kinywa. Kwa mtoto mdogo hivi, akasema, hakuna daktari anayeshauri apewe. Nikamwambia, lakini maana ya jina ni kufukuza homa. Hakunicheka. Akasema, "Binti yangu, waliolitunga hilo jina hawakuwa hata na kitu cha kupimia homa."

Mama, mimi nilikuwa nimekukasirikia kwa kumtumia mtoto sumu. Sasa nimekukasirikia zaidi. Kwa sababu sumu ningeitupa. Hii imekuja na jina zuri, na mwandiko wako, na Sista Hannah, na leso ya mama yake, na mwanao amesoma mpaka chuo, anatengeneza kompyuta za watu, akaona hilo jina akaamini kwamba kazi imeshafanyika. Sista Hannah alikuwa kando ya mtoto wangu? Hilo jina lilimwona sikio?

Na hao watoto wanne uliowalea kwa hiyo chai, pengine wangepona hata kwa maji matupu. Nimesema.

Sasa sikia la Pasaka. Shiru haji kukaa. Mtoto si pakiti ya kubebwa na mtu anayekwenda likizo. Mwaura tangu Ijumaa anaosha vyombo bila kuambiwa, lakini tiketi bado hajaifuta, nimeangalia. Nyinyi wawili mkishindana na mimi mtanishinda kwa maneno, najua. Mimi nitamshika mtoto tu. Tuone nani atachoka mkono.

Chebet


Limuru
16/3/2025

Anti Chebet,

Sasa hii si barua ya shosho, ni yangu mimi Chelsea. Yeye amekataa kuandika. Nimempelekea karatasi, ameifungia mayai.

Kwanza Shiru anaendeleaje? Anko Mwaura alituma picha, Shiru amefungwa bendeji kama saa ya mkono. Nililia kwa basi, watu wakaniangalia.

Anti, pole lakini lazima nikuambie vile kuko huku, usikae na picha mbaya. Barua yako ya mwisho nilimsomea mimi, macho yake siku hiyo yalikuwa hayaoni vizuri kwenye simu. Nilitaka kuruka mahali fulani, ile ya maji matupu. Akajua. Akaniambia, "Soma ulichoruka." Nikasoma. Akaenda nyuma kwa tangi, nikamfuata nikidhani anang'oa ile kitu, na nilikuwa nimeshaiona kwa mawazo, ni kama sinema. Wapi! Alikuwa anachota maji ya kuku.

Lakini Jumanne mama wa duka alikuja na katoto kake kana joto, akaomba yale majani, si anakujanga. Shosho akamwambia yameisha. Yamejaa, Anti! Yamejaa mpaka kwa njia! Akamwambia, "Nenda kliniki, nenda sasa, na usipite kwa mtu yeyote." Akampa na mwavuli. Yule mama akaenda ananung'unika shosho amekuwa mchoyo uzeeni.

Kisha akaniuliza mimi nitafute hilo jina linamaanisha nini kweli. Mwalimu wetu wa Kiingereza hakuwa analijua, akakisia ati ni homa chache. Kamusi ya maktaba inalo. Inasema limetoka kwa neno la kale kabisa, la kufukuza homa, hapo shosho alikuwa sawa. Nilimwambia uko sawa shosho. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Nilikuwa sawa juu ya jina," akaenda kulala saa kumi na moja jioni.

Kanisani ameshaambia kila mtu mtoto anakuja. Mama wa kwaya wamemshonea sweta. Kitanda kiko, kile cha mbao cha anko, kimepigwa msasa. Sijui atawaambia nini. Mimi siko upande wa mtu, mimi ni mpiga picha tu. Lakini ukiandika tena usiandike kama unachinja.

Wako,
Chelsea


Limuru
23 Machi 2025

Chebet,

Chelsea ameniambia alikuandikia. Hakunionyesha, na mimi sikuomba kuona. Mtoto huyo ana mdomo, na ndiye anayepiga picha barua zangu, kwa hivyo kuna mambo hutayaona hapa. Usidhani hayapo.

Umesema wanangu wangepona kwa maji matupu. Nimelala nalo hilo neno. Nimeamka nalo. Ni neno baya kumwambia mama, na nitakuambia nikikuona kwamba ni baya. Niliamini jina. Watu wameamini majina makubwa kuliko hilo, wakaweka kura zao juu yake.

Lakini wewe nawe ujue ulichonikatalia. Kwetu mtoto anayeitwa wewe ni wewe umerudi. Nilipopigiwa simu kwamba ni msichana nilitoka nje nikasimama uani kama mjinga, nikamwambia ng'ombe. Mwaka mzima na zaidi namwona kwenye kioo cha simu, uso wake mkubwa kuliko wangu, halafu kioo kinazima. Nilitaka kumshika mimi mwenyewe kabla mikono haijaanza kutetemeka, na imeanza. Wewe ukasoma hapo njama. Nyinyi watu wa kule juu mnaona njama hata kwenye uji.

Nilipokuwa na hasira nilimwambia Mwaura amlete haraka, kabla hujapata maneno mengine. Alikubali. Ndiyo, alikubali, baada ya hospitali, usimwangalie hivyo akila. Wiki hii nimemwambia vingine, na yeye atakuambia ni nini.

Nakwambia wewe: mlete wewe mwenyewe. Kaa kwenye kiti cha Mwaura cha ndege. Akija naye Mwaura, siku ya kurudi nitalia kidogo, nitashika kiuno, na mwanangu ataniachia mtoto. Namjua, na mimi najijua. Ukija wewe sitaweza. Wewe ni mkali.

Sweta wanamshonea. Usilete nepi, ziko. Na kama huniamini kwa chakula, njoo na chako.

Wanjiru


Al Wukair
Jumanne, 15 Aprili 2025

Mama,

Hii haitapita kwa kioo cha Chelsea. Nitakupa mkononi, halafu nitatoka uani mpaka umalize, kwa sababu nikiwa mbele yako nitainamisha macho vile nilivyofundishwa na sitasema lolote, nitakula mukimo na kuitikia "ndiyo Mama". Najijua kama wewe unavyojijua. Kwa hivyo nayasema sasa, nimekaa juu ya sanduku ndiyo lifunge.

Shiru anakimbia. Masikio yote mawili yamepona, nimepimisha tena wiki iliyopita, na vidonda vimekauka zamani. Mwaura alibadilisha tiketi mwenyewe, jina lake akatoa akaweka langu, ya kwenda na ya kurudi, ya mimi na ya mtoto. Alinionyesha bila kuulizwa. Kisha akaniomba msamaha, na si kwa karatasi. Nimemsikia. Kusamehe sijamaliza, lakini nimeanza, namwekea chakula kwenye sahani siku hizi badala ya kumwachia kwenye sufuria.

Kazi ya hoteli nimeikataa. Kuna chekechea hapa Wukair, nyuma ya duka la mikate, mwenyewe ni mama wa Nairobi anaitwa Pamela. Aliniona na Shiru kwenye bembea, nikiimbia watoto wa watu, akaniuliza kama nafanya kazi mahali. Ninaanza Mei. Shiru atakuwa chumba cha watoto wadogo, mimi nitakuwa cha wakubwa, ukuta mmoja tu katikati, akilia namsikia. Pamela anasema kuna karatasi za kusomea hiyo kazi na kwamba Form Two si mwisho wa mtu. Nimeamini. Tuone.

Kwa hivyo unaona tunarudi.

Bado nina hasira, Mama. Nilidhani nikipanga nguo itaisha. Nimeikuta chini ya nguo. Na nimeitafuta ni ya nini, kwa sababu ya majani nimeshaiacha. Ulitaka mtoto apone. Hata mimi ningekuwa na mmea chini ya tangi wenye jina kama hilo, ningeuamini, jina kama hilo ni nani asiyelitaka? Mtu ana mtoto anachemka mikononi, halafu anaambiwa kuna kitu kinaitwa kifukuza-homa. Hata mimi ningekimbilia. Hata neno la maji matupu nalirudisha. Lilikuwa baya. Nilitaka likuume na likakuuma, na sikupata faida.

Hasira yangu ni ya kitanda. Mlikaa wewe na mwanao, mkapiga msasa, mkapaka rangi, mkachagua upande wa jua, wanakwaya wakashona sweta, parokia nzima ikajua, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Na Chebet naye?" Kama mimi ni begi la kumletea mtoto, ukishatoa mtoto unalikunja unaliweka juu ya kabati. Nilimbeba miezi tisa katika joto hili, kwenye chumba hiki, nimelala kwenye sakafu kwa sababu sakafu ndiyo ilikuwa baridi. Nilimzaa nikiita mama yangu kwa Kikalenjin na wauguzi wote ni Wafilipino, hakuna aliyejua naomba nini. Kisha nikamwita Wanjiru. Si jina la kwetu. Nyanya yangu aliuliza kwa nini, nikamwambia ni desturi yao. Nilikupa wewe urudi, kama unavyosema. Mimi ndiye niliyekurudisha! Hukuliona hilo hata mara moja. Uliandika "mke wa Mwaura".

Na najua umenisaidia. Hiyo barua yako ya mwisho niliisoma nikiwa nimekasirika, nikarudia nikiwa nimekasirika kidogo, mara ya tatu Phyllis akaniuliza mbona nalia. Hakuna mtu mwingine angeniambia njoo wewe kwa sababu wewe ni mkali. Mwaura mwenyewe hangeniambia. Umejifunga mikono mbele yangu ili usimchukue mtoto. Hilo nimeliona. Nakuja kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya sweta.

Basi haya ndiyo ninayotaka. Ukimwona mchukue, usiniangalie mimi kwanza. Atalia, ana woga wa nyuso kubwa, na wewe kwenye simu ulikuwa unakaribia sana. Mwache alie kidogo, atanyamaza. Mchana alale kifuani pako, umwimbie Kikuyu chako, sitauliza maneno. Mpeleke kwa ng'ombe. Mpeleke kanisani na hilo sweta, waambie wanakwaya unachotaka kuwaambia, sitakukosoa. Nitafua, nitapika, nitakaa mbali ndiyo umshibe. Akipata joto tutaenda kliniki wote wawili, mimi na wewe, na hakuna atakayemwambia mwenzake nilikuambia.

Lakini siku ya kuondoka usijifiche jikoni. Usiseme kichwa. Usimtume Chelsea aniletee mtoto mlangoni. Utoke naye wewe mwenyewe mpaka barabarani, mbele ya majirani, mbele ya mama wa duka, umtie mikononi mwangu, na uniite kwa jina langu, si mke wa nani, na useme kwa sauti ili wote wasikie kwamba huyu Shiru ana mama yake, na mama yake ni

Mwaura ananiita, teksi iko chini, dereva anapiga honi na Shiru amevua kiatu amekitupa dirishani, nakuja, nimesema naku